Subaru EA81 kwenye ndege ya kujijengea: giaboksi ya nini, na rejeta ikae wapi?

Bawa_Chini

Wakuu salaam. Najenga ndege ya viti viwili, bawa la chini, gurudumu la tatu liko mkiani. Bodi ni fremu ya mabomba ya chuma, mbawa ni za mbao. Ramani imechorwa kwa injini ya ndege ya Continental O-200, yaani nguvu farasi 100 kwenye mizunguko 2750 kwa dakika. Hiyo sina. Nilicho nacho ni Subaru EA81, cc 1781, silinda nne zilizolala mbili mbili, iliyotoka kwenye gari lililooza bodi huku mashine ikiwa nzima. Nimeifungua yote. Krenki imepimwa, iko ndani ya vipimo. Kamshafti inaendeshwa na gia, hivyo hakuna mkanda wa kukatika. Hedi ziko kwa mtu wa kusawazisha.

Nina mambo matatu. La kwanza, kuna jamaa ananisisitiza nifunge propela moja kwa moja kwenye krenki kama wanavyofanya wenye VW. Anasema giaboksi ni uzito wa bure na ni kitu kingine cha kuharibika. La pili, rejeta: nilifikiri kuisimamisha mbele kabisa, nyuma ya spina (kofia ya katikati ya propela), ipigwe na upepo wa propela kama inavyopigwa na feni kwenye gari. La tatu, matangi yangu yako ndani ya mbawa, chini kuliko kabureta. Je, pampu moja ya umeme karibu na kabureta inatosha?

Wa "nunua injini ya ndege" nawaheshimu, ila swali langu halipo hapo.

Kiti_cha_Nyuma

Nimevuta kiti, ngoja mafundi waje. Mimi hata ya baiskeli sijawahi kufunga.

Fundi Krenki

Karibu mkuu. Umeanza vizuri kwa kuifungua kwanza. Wengi huja hapa na picha ya injini iliyopigwa rangi nje na hawajui ndani kuna nini.

Nianze na huyo jamaa yako. Ana nusu ya ukweli. VW ya kupozwa kwa hewa hufungwa propela moja kwa moja, na injini ya gari la Chevrolet Corvair ya silinda sita vilevile. Bernard Pietenpol, mjenzi wa ndege wa Marekani, aliruka na injini ya Ford Model A tangu 1929, bila giaboksi. Lakini angalia ujazo wa hizo injini. Corvair ya ndege ni lita 2.7. Ford ile ilikuwa lita 3.3, ikizunguka polepole kama trekta na kutoa farasi 40 tu. VW huongezwa ujazo hadi cc 2180 na bado wenye nazo hujenga ndege ndogo sana.

Nguvu ni torki (nguvu ya kusokota) mara mwendo wa kuzunguka. EA81 kwa hali ya kiwandani torki yake inacheza kwenye Nm 130 hivi. Kwenye mizunguko 2750, Nm 130 ni kilowati 37, yaani farasi 50. Ramani yako inataka 100. Utapaa, pengine, ukiwa peke yako na tangi nusu.

Utasema basi nitaizungusha 5000 nipate nguvu zote. Sawa. Propela ya mita 1.75 ikizunguka mara 5000 kwa dakika, ncha zake zinakwenda mita 458 kwa sekunde. Sauti yenyewe huenda mita 340 hivi. Ncha zikifika huko propela inakula nguvu na kutoa kelele, msukumo huuoni. Ukitaka ncha zibaki kwenye mita 240, ambako propela inafanya kazi kwa raha, itabidi uikate hadi sentimita 92. Propela ya sentimita 92 kwenye ndege ya mwendo wako ni feni ya mezani.

Ndiyo maana ya giaboksi. Ukiweka uwiano wa 2 kwa 1, injini iko 5000, propela 2500, ncha mita 229 kwa sekunde. Rotax 912 ilichorwa iwe injini ya ndege tangu karatasi ya kwanza, na bado ina giaboksi: 2.27 kwa ile ya farasi 80, 2.43 kwa ile ya 100. Inaruhusiwa 5800 kwa dakika tano tu, halafu 5500 muda wote. Hao hawakuwa na sababu ya kubeba uzito wa bure. Tena giaboksi ina kazi nyingine ambayo watu husahau: inabeba mvuto wa propela na ule msukosuko unaotokea ukiinua au kushusha pua, ambapo propela inayozunguka hukataa kugeuzwa. Beringi za krenki ya gari hazikuchorwa kwa mzigo huo. Zilichorwa kwa klachi.

Ila jamaa yako ana haki kwenye jambo moja: giaboksi mbaya huvunjika, na haivunjiki kwa sababu ya nguvu. Inavunjwa na mtetemo wa msokoto. Silinda nne zinapiga mara mbili kila mzunguko. Injini ikinguruma tu bila kukanyagwa mafuta (idle), kwenye mizunguko 900 kwa dakika, ni mapigo 30 kila sekunde. Kila pigo linataka kuiharakisha krenki. Propela ni nzito na inataka kuzunguka kwa mwendo wake uleule. Katikati kuna shafti na gia zenye nafasi kidogo baina ya meno. Shafti ni springi, hata kama ni chuma kinene. Springi yenye uzito mwishoni ina mwendo wake wa asili wa kucheza, na mapigo ya injini yakiangukia kwenye mwendo huo yanarundikana moja juu ya lingine. Hapo utasikia giaboksi inagonga kama ndoo ya misumari. Ukiizoea sauti hiyo, siku moja shafti itakatika na injini itapiga kelele bila propela kuzunguka.

Kwa hiyo giaboksi unayoitaka ni yenye kapulingi ya mpira, ili mwendo wa asili ushuke chini kabisa, chini ya mngurumo wa injini. Unawasha, unapita hapo haraka, hurudi tena hadi unazima. Mngurumo wenyewe uweke juu. Rotax 912 hawataki ishuke chini ya 1400, na wewe usione aibu ya kuwa hapo au juu yake. Flaiwili nayo usiipunguze ovyo kwa kutafuta wepesi. Mwenye giaboksi ndiye akuambie ibaki na uzito gani.

Na kabla ya kununua propela, omba karatasi ya giaboksi uangalie kikomo cha inesha, yaani ugumu wa propela kubadilishwa mwendo wake wa kuzunguka. Asiyekuwa nacho hajapima kitu, mwache. Propela ya mbao au ya kaboni kwa kawaida inapita. Ya alumini nzito ndiyo hutoka nje ya kikomo. Ukitaka kujua yako, ining'inize ikiwa imelala kwa nyuzi mbili za urefu sawa, kila upande umbali sawa kutoka katikati. Isokote kidogo, iachie, upime sekunde za mizunguko ishirini ya kwenda na kurudi, ugawe kwa ishirini upate T. Inesha kwa kilo mita mraba ni uzito wa propela × 9.81 × umbali baina ya nyuzi kipeo cha pili × T kipeo cha pili, gawa kwa (158 × urefu wa nyuzi). Vipimo vyote kwa mita, kilo na sekunde. Ni kazi ya jioni moja na nyuzi za kushonea viatu.

Rejeta nitaijibu nikitulia, maana hapo ndipo injini nyingi za gari hushindwa, na wenyewe hulaumu injini.

Mzee Bati

Mleta mada amenifunga mdomo mapema, lakini nitapitia mlango wa nyuma.

Mimi ni mtu wa karatasi na mizani. Mwaka 2012 bodi ya usalama ya Marekani, NTSB, ilichapisha uchunguzi wa ndege za kujijengea. Waliona kwamba ajali hutokana zaidi na injini kushindwa na rubani kupoteza udhibiti, na nyingi zinatokea mwanzoni kabisa mwa maisha ya ndege. Huko huko FAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa miaka mingi wamezoea kudai saa 25 za majaribio kwa ndege yenye injini na propela vilivyoidhinishwa pamoja, na saa 40 kwa isiyo hivyo. Saa hizo 15 za ziada hazikuwekwa kwa chuki. Mleta mada aziweke kwenye ratiba yake, na awe na kiwanja chenye mashamba wazi mwisho wa njia.

La pili ni uzito. Ukiambiwa injini ina kilo fulani, uliza imepimwa na nini. Watu hupima bloku na hedi, halafu wanakuja kuongeza giaboksi, rejeta, maji ya ndani, mabomba, betri ya pili, alteneta, fremu ya kushikia. Pima kila kitu kikiwa na maji na oili. Tuseme umezidi kilo 15 tu, na zimekaa mita 1.2 mbele ya kitovu cha uzito. Hiyo ni kilo mita 18. Kwa ndege tupu ya kilo 335, kitovu kimeenda mbele zaidi ya sentimita 5, na kwa ndege ndogo nyingi hiyo ni sehemu kubwa ya nafasi yote iliyoruhusiwa. Kwa ndege ya gurudumu la mkiani, pua nzito maana yake ukikanyaga breki kwa pupa propela inalima.

Dawa ipo bila kuongeza risasi mkiani: betri ya kilo 8 ikitoka mita 1 mbele ya kitovu na kwenda mita 1.25 nyuma yake, umerudisha kilo mita 18 zote. Ila kumbuka waya wa stata utarefuka, na waya mrefu unataka unene.

Haya, nimesema. Sijataja kununua injini ya ndege.

Waya_Mwekundu

Mzee Bati umetaja bila kutaja 😄

Mimi nachukua swali la tatu na nyongeza ya umeme, maana EA81 bila umeme ni jiwe.

Pampu moja karibu na kabureta: hapana. Kuna sababu mbili. Petroli ukiivuta kutoka chini unapunguza shinikizo lake kwenye bomba, na chumba cha injini ni cha moto. Petroli ya magari hapo hugeuka mvuke, na pampu haijui kusukuma mvuke. Inazunguka tu. Pampu ziwe mbili, zikae chini, karibu na shina la bawa, upande wa baridi wa ukuta wa moto (bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani), zisukume badala ya kuvuta. Kila moja na valvu yake ya kuzuia mafuta kurudi nyuma, fyuzi yake, swichi yake, na ikiwezekana waya wake kutoka betri tofauti. Kabureta haitaki shinikizo kubwa. Robo bar hivi inatosha, ukizidisha sindano ya boya inashindwa kufunga na mafuta yanafurika. Kwa hiyo regyuleta.

Weka pia bomba dogo la kurudisha mafuta kutoka kwenye kiungo cha kabureta, lenye tundu jembamba, ili mapovu yapate pa kutokea. Lirudi kwenye tangi lilelile unalovuta. Ukivuta kushoto huku unarudisha kulia, tangi la kulia litajaa na kumwaga nje kupitia tundu lake la hewa, nawe unaamini una mafuta ya saa moja zaidi.

Kisha pima mtiririko, usikadirie. Farasi 100 wakati wa kupaa unywaji ni kama lita 31 kwa saa. Kipimo cha kawaida kwa mfumo wa pampu ni asilimia 125 ya hapo, yaani lita 39 kwa saa, au lita 0.65 kwa dakika. Inua pua hadi pembe ya kupaa, acha mafuta kidogo kabisa kwenye tangi, fungua bomba kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa yenye alama, pampu moja moja. Asiyefikia arekebishe kabla ya kufunga kava.

Kabureta ya gari nayo hushika barafu kama ya ndege. Unahitaji njia ya kuingiza hewa ya moto kutoka kwenye koti la bomba la moshi, na mkono wake kwenye dashibodi.

Umeme: mfumo wa kuwasha plagi usiupitishe kwenye swichi kuu. Siku ukinusa moshi utaizima swichi kuu kwa silika, na haitakiwi injini izime nayo. Waya wa plagi na pampu utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi na swichi yake. Halafu fanya hesabu ya betri ukijifanya alteneta imekufa. Pampu ampea 4, uwashaji 4, redio na vipimo 3, jumla 11. Betri ya Ah 18, iamini nusu tu, una Ah 9, hiyo ni dakika 49. Ukizima redio na mapambo unabaki na 8, unapata dakika 67. Namba zako zitakuwa zako, pima kwa ampea mita. Kipimo cha volti kikishuka chini ya 13 wakati injini inazunguka vizuri, alteneta imekuaga.

Na usisahau waya mnene wa kurudisha umeme kutoka kwenye bloku hadi betri. Injini imekaa juu ya mpira. Bila waya huo, umeme wa stata utatafuta njia yake kupitia kebo ya mafuta, na kebo ya mafuta itayeyuka mkononi mwako.

Fundi Krenki

Waya_Mwekundu umemaliza. Sasa rejeta.

Wazo la kuisimamisha nyuma ya spina, mkuu, liache. Upepo wa propela karibu na kitovu ni hafifu. Shina la propela ni nene na halisukumi kitu. Tena utakuwa umeziba njia ya hewa ya injini nzima. Ila hata ukiihamisha, utahitaji kuelewa kwa nini gari linapoa na ndege haipoi, wakati injini ni ileile.

Gari kwenye barabara kuu linatumia sehemu ndogo ya nguvu zake. Nguvu zote linatumia kwa sekunde chache, ukipita lori. Ndege inatumia zote tangu inapoanza kukimbia hadi imefika juu, halafu robo tatu kwa saa nzima. Kwa makadirio ya haraka, joto linaloingia kwenye maji ya rejeta wakati wa kupaa ni kilowati 50 au zaidi kwa injini kama yako. Ukiiruhusu hewa ipate joto nyuzi 40 inapopita kwenye rejeta, kila sekunde unahitaji kilo 1.25 za hewa, ambazo ni mita moja ya ujazo.

Sasa spidi. Ukipaa kwa kilomita 110 kwa saa, shinikizo lote ambalo upepo unaweza kukupa ni paskali 550 hivi. Kwenye kilomita 180 ni 1530. Maana yake wakati joto ni kubwa kuliko wakati wowote, kinachosukuma hewa ni theluthi tu ya ulichonacho ukiwa umetulia angani. Rejeta ichorwe kwa ajili ya kupaa. Anayeijaribu kwenye mwendo wa kawaida na kufurahia sindano iko katikati hajajaribu kitu.

Mita moja ya ujazo kwa sekunde, kwenye upepo wa mita 30 kwa sekunde, inataka mdomo wa sentimita za mraba 340, karibu 18 kwa 19. Huo mdomo usiupeleke moja kwa moja kwenye rejeta. Upanue polepole ndani ya handaki la bati, uso wa rejeta uwe mara tatu hadi nne ya mdomo. Rejeta ya 30 kwa 40 ingekaa vizuri hapo. Hewa ikipanuka inapungua mwendo na shinikizo linapanda, ndilo linaloipenyeza kwenye mapezi ya rejeta. Ukifungua ghafla, hewa inajizungusha pembeni na nusu ya rejeta haipati kitu. Nyuma yake handaki lijifinye tena kuelekea njia ya kutokea, chini ya tumbo, penye mlango mdogo unaoufungua wakati wa kupaa na kuufunga nusu ukishafika juu. Kutokea kuwe kukubwa kuliko kuingilia, maana hewa imepata moto na imetanuka.

Kwa ndege yako ningeiweka tumboni, nyuma ya ukuta wa moto, mbele ya bawa au chini yake kidogo. Na pia hapo inakikaribia kile kitovu cha uzito cha Mzee Bati badala ya kuning'inia puani.

Halafu ziba. Hili ndilo watu hawalipendi kwa sababu halionekani kwenye picha. Hewa ina uvivu; ikiona ufa wa kidole pembeni mwa rejeta itapita hapo na kuyaacha mapezi. Mpira wa pembeni kila mahali, silikoni kwenye viungo.

Utajuaje inafanya kazi? Chukua mpira mwembamba unaong'aa, uukunje kama herufi U, uweke maji yenye rangi ndani. Ncha moja iwe mbele ya rejeta ndani ya handaki, nyingine nyuma. Kwenye kilomita 110 kwa saa tofauti kubwa kabisa unayoweza kuiota ni milimita 56. Ukisoma 35 umefanya kazi nzuri. Ukisoma 10, usinunue rejeta kubwa zaidi; handaki lako ndilo bovu. Nimewaona watu wakibadilisha rejeta tatu bila kupima hata mara moja.

Mfuniko wa rejeta wa bar 1 hupandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 20 hivi, na tangi la juu likae juu kuliko sehemu yoyote ya maji, pamoja na hedi, hata pua ikiwa imeinuka. Povu likinaswa kwenye hedi utachoma gasketi kabla kipimo hakijasema lolote. Kwa hiyo ongeza kipimo cha shinikizo la maji, au hata swichi yenye taa. Kipimo cha joto peke yake kinadanganya: maji yakimwagika yote, sensa inabaki kwenye hewa tupu na sindano inaweza hata kushuka. Rubani anaona injini "imepoa".

Bawa_Chini

Wakuu, hapa nimepata zaidi ya nilichouliza. Giaboksi naichukua, rejeta inaenda tumboni, pampu zinashuka kwenye shina la bawa. Mzee Bati nitaleta vipimo vya mizani.

Mawili yamebaki. Kuna mtu ananiuzia EJ22, injini nyingine ya Subaru, pamoja na kompyuta na waya zake zote kutoka gari lilelile, anasema nitapata farasi 130 bila kuhangaika na kabureta. Inafaa kuachana na EA81? Na je, nikiifunga chini kwa majaribio, niiendeshe muda gani kabla ya kuiamini?

Waya_Mwekundu

EJ22 ni injini nzuri, ila ni nzito zaidi na ina mkanda wa taimingi. Na kompyuta ya gari ina tabia za gari: ikiona sensa moja ina wasiwasi inaamua yenyewe kupunguza nguvu ili ufike gereji. Huko juu gereji haipo. Baadhi ya miaka pia zina kizuia wizi kinachotaka funguo yake. Anayezitumia huweka kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi hii, mbili, na swichi ya kuhama. Wewe una kabureta inayofanya kazi, kaa nayo.

Mzee Bati

Na ramani yako inasema 100, si 130. Mwulize aliyeichora kabla hujamuuliza anayeuza.

Fundi Krenki

Kwa majaribio ya chini: iweke kwenye fremu yake halisi ya kushikia, na propela yake halisi, giaboksi yake, rejeta yake. Injini ikiendeshwa bila propela haijapimwa chochote, hasa ule mtetemo. Mkia ufungwe kwenye kitu kisichong'oka, mtu asikae kwenye mstari wa propela, na kizimia moto kiwe mkononi mwa mtu, kisiwe ukutani.

Anza kwa vipindi vifupi, uzime, ukague, ukaze. Chini haitapoa kama angani, kwa hiyo usiiadhibu kwa nguvu zote muda mrefu. Weka feni kubwa mbele ya handaki, au pandisha nguvu zote kwa dakika chache kisha shusha ipoe. Ningetaka kuona saa kumi za namna hiyo, na ndani yake dakika nyingi za nguvu zote kadiri joto linavyoruhusu. Baada ya saa ya kwanza kata chujio la oili kwa msumeno wa bomba, usilitikise tu. Fungua karatasi yake juu ya meza uitazame kwenye mwanga. Vumbi laini la mwanzo ni kawaida. Vipande vinavyong'aa vyenye kingo si kawaida. Oili ya giaboksi vivyo hivyo, na plagi yake yenye sumaku.

Sikiliza giaboksi unapozima. Ikigonga mara moja au mbili ni propela inasimama. Ikitetema mfululizo kwenye mngurumo, pandisha mngurumo kwa 100 100 hadi inyamaze. Ukifika 1800 bado inatetema, rudi kwenye kapulingi.

Propela ikifika, usiifunge kwanza. Ipime kwa zile nyuzi mbili, uweke hapa uzito wake, umbali wa nyuzi, urefu wake na T uliyopata, pamoja na kikomo kwenye karatasi ya giaboksi. Tuvilinganishe kabla hujatoboa tundu lolote kwenye ukuta wa moto.